Jina Chini ya Rangi

Kwaruu! Sauti hiyo ya usiku wa manane ilitoka kwenye skrepa yangu mwenyewe ya kukwangulia rangi, mimi mwenye nyumba na heshima zangu.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimemwamuru mpangaji wangu, Bi Mwanaidi, akwangue rangi kuukuu kwenye kuta zote nne za nje kabla fundi wa rangi hajaja kesho yake, la sivyo ahame.

"Nitakwangua, baba," alijibu. "Ila marehemu ami yako aliandika ukutani, 'Nyumba hii haiuzwi', akatia na jina la mwenye nyumba, kisha rangi ikapita juu. Watu wakiliona, nisilaumiwe."

Nyumba niliirithi kwa ami bila hata karatasi. Ndugu zangu wakiona jina jingine, wangeninyang'anya.

"Jina la nani?"

"Mambo ya urithi mimi simo."

"Liko upande gani?"

"Uzee huu, baba. Nimesahau."

Nikamkataza asiguse ukuta, nikangoja ndugu zangu walale. Nilikwangua mbele, nikakwangua kushoto, nikakwangua kulia, vumbi puani, malengelenge viganjani. Kulipopambazuka, ukuta wa nyuma ukatoa herufi nyeusi, nami macho yamejaa vumbi, siwezi kuzisoma.

"Bi Mwanaidi, nisomee! Nitajie huyo mtu, nijue moja."

Alitoka na kikombe chake cha chai, akazunguka nyumba nzima akizipapasa kuta, zote laini, tayari kwa rangi.

"Kazi nzuri," alisema. "Na mwenye nyumba, baba, ni wewe: Mhina Semboja."