Taa Alivyojiandikisha Ukindi

— Niseme nisiseme?
— Sema, masikio yetu yako wazi!
— Na midomo?
— Tumeifunga!

Basi hapo kale, ukingoni mwa mikoko, aliishi Taa, samaki bapa kama mkeka, mwenye mwiba mkiani. Kaa akala, kamba akala, chaza akala. Hata zambarau zilizoanguka majini akala, na hizo zilikuwa chakula cha Kindi, yule mdogo anayetandaza ngozi ya ubavuni na kuruka mti hadi mti, fyuu!

"Mjomba, niachie japo moja."

"Niondokee, nisije nikakuchoma!"

Siku moja akaja Korongo, karani wa wanyama. Kazi yake kuandika kila mmoja ni jamaa ya nani na wamebaki wangapi.

"Taa: hana mfupa, ndugu yake Papa. Wamebaki wachache. Asiliwe." Kwaru, kwaru! ikalia kalamu. "Kindi: ana manyoya, hunyonyesha, ndugu yake Panya. Wako tele. Anayetaka na ale."

Kindi akamtupia Taa jicho. Kisha akasema kwa sauti, "Si kitu. Mizambarau yote ni ya jamaa ya Kindi."

Taa akatoa macho. "Yote?"

"Yote, mjomba."

"Karani, futa! Mimi ni Kindi! Ngozi ubavuni ninayo, kuruka naruka!" Akaruka juu ya maji, akaanguka, pwaa!

"Manyoya yako wapi?"

"Yamenyonyoka!"

"Unanyonyesha?"

"Faraghani!"

Kwaru, kwaru! Taa akaandikwa Kindi.

"Sasa nafasi ya Taa iko wazi," Korongo akasema.

"Niandike mimi," akasema Kindi.

"Una mifupa wewe!"

"Ya kuazima, Bwana Karani."

Kwaru, kwaru!

Papa, aliyekuwa akimeza mate siku nyingi, akasogea akasoma daftari. "Taa asiliwe. Ni yule pale mtini, namheshimu. Na huyu je?"

"Huyo Kindi. Wako tele."

"Karani! Mimi ni Taa! Nitazame!"

"Lete malalamiko kwa maandishi."

Kap! Papa akanyofoa kipande cha ubavu. Taa akajifukia mchangani, yakabaki macho tu. Kindi akala zambarau, na Korongo akasimama chini ya mti kumlinda, maana taa mwenye manyoya amebaki mmoja tu duniani.

Yangu yamekwisha, midomo fungueni. Funzo, wanangu: mbele ya karani semeni kweli daima. Kindi alidanganya, na mpaka leo maskini anateseka: kutwa kulindwa, kutwa kunenepa.