Kikapu cha Siwema Siku ya Mkunga

Hii nimeletewa na shangazi yangu, na shangazi hakumbuki aliletewa na nani. Mimi nimenyoosha herufi tu, maana jinsi alivyoiandika ilikuwa haisomeki. Kama Jumamosi hii una sherehe na bado unajiuliza ubebe ua gani, isome kabla hujafika dukani. Ni ndefu kidogo, lakini chai yenyewe haijachemka.

Palikuwa na mji uliojengwa juu ya jiwe. Chini jiwe, kuta jiwe, njia jiwe. Watu wake walipenda maua kupita kiasi, labda kwa sababu yalikuwa shida kuyapata. Harusi haikwenda bila asmini, mtoto akizaliwa lazima mche, na mgonjwa akiinuka kitandani alipelekewa mrehani. Miche ilitoka bondeni, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na mwenye uwezo alikodi punda akajaza uani kwake udongo wa huko, akapanda na kujivunia.

Lakini udongo mtupu hakuna aliyempelekea mtu. Katika mji ule mtu aliletewa udongo mara moja tu, siku ya kuzikwa, maana hata makaburi yalichongwa kwenye jiwe na ilibidi yafukiwe kwa udongo wa kubeba. Shika hapo, mbele tutapahitaji.

Katika mji huo aliishi Bi Mwanakheri, mkunga. Alifanya kazi hiyo miaka arobaini, mvua na jua. Mtu yeyote chini ya umri huo, ukimwona anapita njiani, ujue ni Bi Mwanakheri aliyemkata kitovu. Mfalme mwenyewe alikuwamo. Kisha macho ya bibi yakaanza kufifia na mikono ikaanza kutetemeka, naye akaenda kwa mfalme kumwambia kwamba ameiweka kazi chini, watafute mwingine.

Mfalme alimpenda, na mfalme akipenda hutangaza. Akatangaza kwamba Ijumaa ya mwisho wa mwezi itakuwa Siku ya Mkunga. Kila nyumba ambamo bibi alizalisha ilete zawadi moja barazani, na zawadi iwe ua au mche, kwa sababu mji ulikuwa haujui shukrani nyingine. Bibi mwenyewe atachagua moja iliyomgusa kuliko zote, na aliyeileta atamwomba mfalme jambo lolote, naye atapewa.

Ukiwaambia watu hivyo, umewaharibu. Wiki tatu mji haukulala. Ndugu wawili wa tumbo moja walikosana kwa ajili ya kichaka cha asmini. Mtu mmoja aliamka asubuhi akakuta mlangilangi wake umekatwa, kisha akauona barazani kwa jirani yake umefungwa utepe. Waziri, Mwinyi Kondo, ambaye ndiye aliyesimamia sherehe, aliagiza waridi kutoka ng'ambo, likaja na chungu chake cha shaba. Alikwisha kuwaambia rafiki zake ni shamba gani ataliomba.

Siku ikafika. Bi Mwanakheri aliwekwa kwenye kiti kirefu kilichomfanya miguu ining'inie, na watu wakapanga foleni. Walipita mmoja mmoja. Bibi alinusa kila ua, akasema, "Ahsante, mwanangu," kwa sauti ileile, akaliweka pembeni. Zilipofika zawadi mia tatu baraza lilikuwa limejaa maua hadi kwenye ngazi, na askari wawili walikuwa wanapiga chafya.

Mwisho kabisa wa foleni alikuwa mwanamke aitwaye Siwema, mfinyanzi wa vyungu. Alikuwa na mtoto mgongoni na kikapu kichwani kilichofunikwa kanga. Waziri alikuwa amechoka kusimama. Aliifunua kanga mwenyewe ili mambo yaishe, akachungulia, akarudi nyuma hatua mbili.

Kikapu kilikuwa na udongo, umejaa hadi ukingoni.

Walio karibu wakanyoosha shingo waone. Kisha wanawake wakaanza kunong'ona, na mzee mmoja akasema astaghfirullah. Mwinyi Kondo alimgeukia mfalme akasema kwamba mambo yako wazi. Bibi bado anapumua, mbele ya watu wote, na huyu amemletea udongo. Anamwombea kifo siku ya heshima yake. Akakumbusha sheria, na waziri huyo sheria alizijua: mwenye kuleta shari katika sherehe ya mfalme huondoka mjini kabla ya jua kuzama, na vitu vyake kichwani, wala harudi.

Siwema alikuwa mgeni wa miaka mitatu katika mji ule. Mumewe alikuwa safarini, na tanuri lake la vyungu ndilo lililomlisha yeye na mwanawe. Akitoka pale, hakuwa na pengine pa kwenda.

Mfalme alimwuliza kama anajua maana ya udongo katika mji huu.

Siwema alisema anaijua.

"Basi kwa nini umeleta?"

"Kwa sababu hana, bwana wangu."

"Hana nini?"

"Hana udongo. Nyumba yake iko juu ya jiwe tupu, mbele na nyuma. Sasa hayo maua yote atayapanda wapi?"

Waziri alicheka. Alisema bibi ameishi kwa heshima miaka yote hiyo, atakosaje kiua cha kupandia ua moja? Na watu wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu kwao lilikuwa jambo lisilohitaji kuulizwa. Bi Mwanakheri alikuwa ameomba kikapu kile kiwekwe mapajani mwake, akautia mkono kwenye udongo hadi kifundoni, akautoa, akanusa vidole. Hapo ndipo mfalme alipopata wasiwasi.

"Nani kati yenu amewahi kuingia nyumbani kwa bibi?" aliuliza.

Hakuna aliyeinua mkono. Walitazamana. Kila mmoja aliujua mlango wake, maana kila mmoja aliwahi kuugonga akihema, akisema bibi fanya haraka, mwenzangu ameshikwa. Bibi alitoka na mkoba wake, wakaondoka mbio. Siku ya shukrani walikuja na mche, wakausimamisha mlangoni, wakarudi kwao kwenye sherehe ya mtoto. Ndani hawakuwa na haja napo. Mfalme naye alijitafuta moyoni akakuta ni vilevile, tena yeye mlangoni hakuwahi hata kufika. Alizaliwa ikulu, bibi akaletwa.

Siwema peke yake ndiye aliyeingia. Mtoto wake alimjia ghafla, mume hayupo, jirani hayupo, akajikokota mwenyewe mpaka kwa mkunga akajifungulia kwenye kitanda cha bibi. Alikaa mle siku saba.

Mfalme aliinuka. Alisema waende wote wakaone, na bibi abebwe kwa kiti chake. Bibi alikataa kubebwa, akasema njia ya kwake anaijua, wao ndio wasioijua.

Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja na kiua kidogo. Kiua kilikuwa jiwe, kama alivyosema Siwema, jiwe jeupe lililosuguliwa kwa ufagio. Na kandokando ya ukuta, kwa safu, vilipangwa vyungu, makopo, vikapu na vifuu, na ndani ya kila kimoja palikuwa na kijiti kikavu. Vilikuwa vingi, havikuhesabika kwa haraka. Miaka arobaini ya shukrani ilikauka pale. Mche wa chunguni huishi siku chache za furaha, kisha mizizi hutafuta pa kwenda, na pale hapakuwa na pa kwenda.

Mfalme alitembea taratibu pembezoni mwa ule ukuta. Mara akasimama. Alikiona chungu chenye ukanda wa fedha na alama ya ikulu, kile ambacho mama yake alikipeleka siku aliyozaliwa yeye. Nyumbani kwao ilisimuliwa hadi leo kwamba bibi alipewa mkadi mzuri ajabu. Bibi alikuwa anakitumia kuwekea mkaa.

"Mbona hukusema, bibi?" mfalme aliuliza. Aliona haya, na hakujaribu kuificha.

"Ningesema nini, mwanangu? Mtu amekuletea ua anatabasamu, umwambie huna pa kulipanda? Ataondoka na huzuni, na nyumbani kwake kuna mtoto mchanga. Nikapokea."

Siwema aliomba waje upande wa nyuma. Nyuma ya nyumba, penye upenyo kati ya ukuta na jiwe, palikuwa na kitalu. Kilizungushiwa vigae vya vyungu vilivyovunjika, urefu wa mtu aliyelala na upana wa mikono miwili, na ndani yake udongo mweusi wa bondeni, kina cha goti. Siwema alisema amebeba kikapu kimoja kila alipokwenda kuchimba udongo wake wa vyungu. Hiki cha leo kilikuwa cha arobaini na moja. Alikusudia akimwage pale kimyakimya kama vingine, lakini tangazo la mfalme lilisema barazani, na yeye hakuwa na zawadi nyingine.

Bi Mwanakheri alikuwa ameinama, anapapasa kitalu kwa viganja kwa kuwa macho hayakumfikisha.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Miezi minane nawaambia majirani kuna mshenzi anamwaga taka nyuma ya nyumba yangu. Nimekutukana, mwanangu. Nimekutukana sana."

Watu wakacheka, wakashusha pumzi. Bibi alikaa palepale juu ya vigae akasema hana haja ya kurudi barazani kuchagua, ameshachagua. Tena akamwambia waziri, bila ukali, kwamba anayeletewa udongo wa kufukiwa huletewa akiwa hawezi tena kuushika. Yeye ameushika.

Mfalme alimwambia Siwema aombe jambo lake. Siwema alifikiri kidogo. Alisema miguu inamuuma. Basi kila nyumba iliyoleta ua leo ilete na kikapu kimoja cha udongo, kutoka bondeni, na aliyeleta zawadi abebe mwenyewe kichwani, asitume mtu. Mfalme akakubali.

Waziri hata hivyo hakuwa mtu wa kushindwa hadi mwisho. Alisogea na waridi lake la ng'ambo, akasema sasa udongo upo, basi waridi hili liwe la kwanza kupandwa. Wengine nao wakakumbuka ya kwao. Huyu asmini, yule mlangilangi, sauti zikapanda, na kitalu chenyewe hakikutosha hata watano wao.

Mfalme aliwanyamazisha. Alimgeukia Siwema akamwuliza swali lililomsumbua tangu alipokiona kile kitalu: miezi minane amebeba udongo, mbona hakupanda kitu chochote? Hata punje moja?

"Sikujua anapenda nini," alisema Siwema. "Nilikuwa nangoja kumwuliza."

Hapo kila mtu alimtazama bibi. Mia tatu na zaidi walisimama kwenye ule upenyo, ukutani na juu ya mapaa ya jirani, na ndiyo kwanza walikuwa wanalisikia swali hilo likielekezwa kwake. Bi Mwanakheri alipangusa mikono kwenye doti lake. Alionekana anaona aibu kidogo.

"Mchicha," alisema.

Waziri alidhani hakusikia vizuri, akaomba bibi arudie.

"Mchicha, Mwinyi. Na bamia mashina mawili, ikiwezekana. Maua ni mazuri, sikatai, lakini mimi siyali. Miaka arobaini nimerudi nyumbani nimechoka, njaa inaniuma, nikafungua mlango nikakuta maua."

Mfalme alijaribu kujizuia akashindwa. Alicheka hadi akashika ukuta, kisha katikati ya kicheko akaanza kulia, na akaufuta uso kwa mkono wa kanzu mbele ya raia zake. Mbegu za mchicha zilitafutwa ikulu nzima zisipatikane. Zilipatikana kwa mwanamke mmoja wa sokoni ambaye hakuja kwenye sherehe kwa sababu alidhani hana cha maana cha kuleta.

Maua yaliyobaki barazani yalinyauka, kama kawaida, na mbuzi walimaliza yaliyosalia kwenye ngazi. Wiki iliyofuata Mwinyi Kondo alionekana akipanda kutoka bondeni na kikapu kichwani, kilemba kimeharibika, hasalimiani na mtu. Siwema aliendelea kufinyanga vyungu vyake palepale mjini.

Na mtu akibisha hodi kwa Bi Mwanakheri siku hizi, huingia hadi ndani, akaketi. Anaondoka na fungu la mchicha.

Funzo: Ukitaka kumpa mtu ua siku yake kubwa, usianzie dukani, anzia nyumbani kwake, uone ana nini na hana nini, kisha umwulize anapenda nini, maana zawadi uliyoichagua bila kumtazama mpewaji umejipa mwenyewe.