Kiti Kimoja cha Nyongeza TV

Sogeeni, na wenye hasira wakae mbele, maana kisa hiki kimejaa hasira na wenyewe bado hawajapoa.

Walikuwepo vibarua watatu wa Nyongeza TV, kituo cha michezo katika mji wenye timu mbili na chuki moja. Nyamizi alikuwa na jicho: mwonyeshe rangi, atakwambia itamkera nani. Anyosisye alikuwa na mkono: mstari wake mmoja ulitosha pale ambapo wengine wangejaza ukuta. Mwajabu alikuwa na mdomo. Akiingia kwenye ugomvi, ugomvi ndio unaoomba radhi.

Nembo ya zamani ya kituo ilikuwa ya kijani, na kijani ni Chapakazi. Kwa hiyo mashabiki wa Vuma, watu wekundu mpaka shuka za kitandani, waliamini kituo kimenunuliwa. Siku ya mechi ya watani wakamtoa mpigapicha uwanjani kwa mateke, kamera wakaivunja. Mkurugenzi, Bwana Rwechungura, akachukua hatua kali: akaunda kamati. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikapendekeza nembo iwe nyekundu.

"Ili safari hii tupigwe na wale wengine?" Nyamizi akauliza.

"Ili kuleta uwiano," akajibiwa.

Nyamizi akatoka amefura. Akazunguka viwanja vya mitaani mpaka akaipata rangi isiyo na timu: ya udongo unaoganda kwenye soksi za kila mtoto aliyewahi kucheza mpira, awe wa Vuma, awe wa Chapakazi. Kamati ikaitazama kwa mashaka.

"Hii si nyekundu iliyochoka?" mwenyekiti akauliza.

"Hiyo ni soksi yako, mwenyekiti, enzi zile ulipokuwa unacheza na siyo kukaa."

Rangi ikapita.

Likaja suala la mchoro. Kamati ikataka mpira, kombe, twiga, mlima na mwenge. "Na mabawa," katibu wa kamati akakumbusha. Anyosisye akavunja penseli mbele yao.

"Wazee wangu, kwenye simu hiyo itaonekana kama chapati iliyokanyagwa!"

Akachukua kipande cha penseli kilichobaki, akachora mkono ulioinua kibao cha dakika za nyongeza. Basi. Kibao kile kikiinuka uwanjani, anayeongoza anakitazama, anayefungwa anakitazama, na wote roho juu. Hata mtoto angeweza kukichora kwa mkaa.

Lakini katika mji ule kitu hakipo mpaka kichorwe kwenye ukuta wa tawi la mashabiki, na hakuna kitu kilichowahi kuchorwa kwenye kuta za pande zote mbili. Kamati ikamwagiza Mwajabu atume taarifa kwa vyombo vya habari, ikisahau kwamba ilikuwa imekaa ndani ya chombo cha habari. Mwajabu akasonya, akaenda mwenyewe tawi la Vuma.

"Dada, toka hapa kabla hatujakumwagia hiyo rangi yako," wakamwambia.

"Mwageni! Ila mkishinda Jumamosi, nani ataliona goli? Macho yenu si mliyapiga mateke?"

Wakacheka bila kutaka. Akatoka hapo, akaenda kuwatukana Chapakazi kwa kipimo kilekile. Jioni kibao kilikuwa kwenye kuta zote mbili.

Mechi ya watani iliporudi, yule mpigapicha aliingia uwanjani na nembo mpya mgongoni. Wekundu wakampisha. Wa kijani wakampisha. Mmoja akamshikia hata mwavuli.

Siku ya uzinduzi rasmi wa nembo, Bwana Rwechungura aliishukuru kamati, kamati ndogo, na waliopika chai. Kisha akawageukia vibarua.

"Utaratibu unaruhusu ajira moja ya kudumu, kwa aliyetengeneza nembo. Wengine mikataba inaishia hapa. Mimi nakwenda semina. Nikirudi mnipe jina moja mlilokubaliana, la sivyo kiti anachukua katibu wa kamati."

Yule katibu, mnamkumbuka? Ndiye aliyetaka mabawa.

Mlango ulipofungwa, wakalipuka.

"Bila rangi yangu, huyo mpigapicha leo angekuwa wodini!" Nyamizi akafoka.

"Rangi bila mchoro ni doa, mama," Anyosisye akamjibu. "Mngevaa doa mgongoni?"

"Na mchoro wako ungekuwa karatasi ya kufungia vitumbua sasa hivi," Mwajabu akasema, "kama nisingekwenda kutukanwa kwa niaba yenu."

Watu waliokuwa wakigawana sahani moja ya chipsi sasa hawaamkiani, na kila mmoja, ukimsikiliza peke yake, ana haki. Mkurugenzi anarudi kesho. Katibu ameshaanza kupima pazia za ofisi.

Basi, nyie mnaonisikiliza, mngempa nani kile kiti: jicho, mkono au mdomo? Semeni. Ila atakayenijibu "wote watatu" aende akaombe nafasi kwenye kamati, huko ndiko wanakojibu hivyo.