Kiboko Mvuvi Mdogo

Hapo zamani za kale, za kale hasa, Kiboko alipokuwa bado anaishi baharini na kula samaki, palikuwa na ufuko ulioitwa Mkia wa Taa. Mnacheka nini? Ndiyo, alikuwa anakula samaki. Majani ameyaanza baadaye, na sababu yake mtaisikia mkitulia.

Wakazi wa ufuko huo walikuwa wavuvi. Nguchiro alikuwa na mtumbwi, na mkewe alisuka madema ya kutegea samaki. Jirani yao Mzee Kaa naye alikuwa na mtumbwi, wa zamani, umezibwa pamba kila mahali. Wote walivua ndani ya mwamba, karibu na nchi kavu. Nje ya mwamba kulikuwa na samaki wengi, lakini maji ya huko ni makali, kasia halifui dafu. Mashua moja ya pamoja walikuwa nayo, ila ililala mchangani kwa kukosa mashine.

Kiboko yeye alikuwa na boti. Boti kubwa, mashine yake inanguruma nduuu! na nyuma yake wavu wa kukokota. Angeweza kwenda nje ya mwamba, lakini kwenda mbali kunachosha. Basi akawa anapita palepale wenzake walipotega. Kwaruuu! Wavu ukazoa samaki, ukazoa na vitoto vya samaki, ukazoa na madema ya watu.

"Bwana Kiboko," Mzee Kaa alimwambia siku moja, "umepita juu ya madema yangu."

"Sikuyaona."

"Na jana uliyapitia."

"Na jana sikuyaona," akajibu Kiboko, akaenda zake.

Samaki wa ndani ya mwamba wakaisha. Nyumbani kwa Nguchiro watoto wakala ugali kwa chumvi, kisha ugali kwa maji. Mkewe akaanza kufunga mizigo.

"Mume wangu, tuhame. Tukaombe shamba huko bara."

"Kulima mimi sijui."

"Na kula unajua?"

Maneno hayo yalimuuma Nguchiro, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Habari zikamfikia Simba, ambaye ndiye aliyekuwa serikali siku hizo. Simba hakuwa mbaya, ila alikaa mbali na bahari, na samaki alimjua akiwa amekwisha kukaangwa. Akamwita ofisa wake wa uvuvi, Korongo, ambaye pwani yote ilimwita Bwana Samaki.

"Chukua mashine hii mpya," akamwambia. "Mpe mvuvi mdogo wa Mkia wa Taa, naye aweze kuvua nje ya mwamba."

Bwana Samaki akafika ufukweni, akasimama kwa mguu mmoja, akatangaza: "Mfalme ametoa mashine hii kwa mvuvi mdogo! Haya, mvuvi mdogo hapa ni nani?"

Kabla Nguchiro hajafungua mdomo, puu! puu! puu! Kiboko huyo, anatoka majini.

"Ni mimi."

Bwana Samaki akamtazama kuanzia miguu hadi masikio. "Wewe ni mdogo?"

"Mdogo kabisa! Tembo humjui? Yule ni kaka yangu. Muulize yeyote, mimi ni mdogo wake Tembo. Na kazi yangu ni uvuvi. Sasa mimi ni nani kama si mvuvi mdogo?"

Bwana Samaki akafikiri. Maneno yakipangwa vizuri, yeye alikuwa mwepesi wa kuyaamini. "Mdogo wa Tembo… mvuvi… mvuvi mdogo. Naam, imekaa sawa."

"Loo!" akasema Mzee Kaa, machozi yakimlengalenga. Nguchiro akamkanyaga mguu mmoja katika ile miguu yake mingi.

"Nyamaza, mzee. Niachie mimi."

Kisha akajitokeza mbele. "Bwana Samaki, anasema kweli. Tena sisi tumemkosea kwa kumwita bwana siku zote. Hongera, mdogo wangu!"

Kiboko akatabasamu.

"Ila mbona hujaamkia?"

"Nini?"

"Wakubwa zako tumesimama hapa, nawe unatupita kama magogo. Bwana Samaki, huko kwenu wadogo hawaamkii?"

"Wanaamkia sana," akasema Bwana Samaki, ambaye alipenda kuamkiwa.

Kiboko akaitazama mashine. Ilikuwa inang'aa. "Shikamoo," akamwambia Nguchiro kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Na Mzee Kaa je?"

Mzee Kaa alikuwa anatosha kuingia katika tundu moja la pua ya Kiboko. Kiboko akainama, akainama, mpaka kidevu kikagusa mchanga. "Shikamoo."

"Sijasikia," akasema Mzee Kaa, ameinua gando lake.

"SHIKAMOO!"

Upepo wa neno hilo ukambingirisha Kaa, bingiri bingiri, hadi kwenye rundo la mwani. "Marahaba!" ikasikika sauti kutoka mwanini. "Marahaba, mwanangu!"

Bwana Samaki akainua mashine ili aikabidhi.

"Jambo moja tu," akasema Nguchiro. "Ile boti kubwa pale mchangani ni ya nani?"

Kiboko akageuza uso, akatazama baharini.

"Nauliza kwa sababu mwenye boti kama ile, mashine ya mfalme angeitakia nini? Mdogo wangu, ile ni yako?"

Kiboko akameza mate, gubu! "Si yangu."

"Mwenyewe unamjua?"

"Simjui."

"Basi haina mwenyewe! Mke wangu, lete shoka. Kuni zimetushinda siku nyingi. Jamani, twendeni!"

Wakaenda wote mbio. Kiboko akabaki ameganda. Akajiambia moyoni kwamba watang'oa ubao mmoja tu, watachoka, wataacha.

Ko! Ubao wa kwanza. Kiboko akafumba macho.

Ko! Jicho moja likafunguka.

"Na wavu huu nao hauna mwenyewe," akasema mke wa Nguchiro. "Leteni kisu, tuanzie hapa katikati."

"Acheniii!" akanguruma Kiboko. "Boti yangu hiyo! Wavu wangu huo! Mimi ndiye mkubwa wa bahari hii, hakuna mwenye boti kama yangu!"

Bwana Samaki akaushusha mguu wake wa pili. "Mkubwa?"

"Mku… mdogo."

"Mkubwa au mdogo?"

Kiboko akafungua kinywa chote, kama anavyokifungua hadi leo, na jibu halikutoka.

Mashine ikafungwa kwenye mashua ya pamoja, na jioni ile mke wa Nguchiro akaifungua mizigo yake. Bwana Samaki aliona aibu sana. Akapiga marufuku wavu wa kukokota ndani ya mwamba, akasema atalinda mwenyewe. Ndiyo maana mnamwona Korongo amesimama kwa mguu mmoja kwenye maji ya kina kifupi. Yupo kazini.

Kiboko angeweza kubaki, akavue mbali kama wakubwa wenzake. Lakini kila alipokanyaga mchanga, watoto wa Kaa walichomoza kwenye mashimo. "Wewe mdogo, hujaamkia!" Akachoka. Akahamia mtoni, samaki hataki hata kuwasikia. Mchana anazama abaki masikio tu, na majani anakwenda kuyala gizani, pasipo na mtu wa kumwamkia. Kaa naye mtazameni vizuri mkienda ufukweni: gando bado ameliinua, anasubiri shikamoo yake.

Nanyi mlionisikiliza, mshike hili: ukijifanya mdogo ili uchukue haki ya wadogo, utaulizwa ukubwa wako umeuweka wapi.