Kijiti cha Watatu, Nafasi ya Mmoja

Sogeeni, sogeeni. Mwenye mbege aishike kata yake vizuri, maana nikianza mimi hakuna anayekumbuka kunywa. Mlima mzima huu, kuanzia msituni mpaka barabara ya lami, hakuna anayezijua mbio kama mimi. Nimeona swala akikimbia. Nimeona mwizi wa kuku akikimbizwa na vijiji viwili. Lakini vijana watatu wa kitongoji chetu, wenzao sijawaona, na nyie hamtawaona.

Wa kwanza ni Kirenga. Huyu kazi yake kupanda. Kifua chake, bwana, kama mivukuto ya mhunzi: akivuta pumzi migomba inamwinamia, akiitoa inasimama. Mlima ambao mbuzi anaupanda akilia, yeye anaupanda akipiga mluzi.

Wa pili Aminieli. Huyu si wa kasi sana, nisiwadanganye. Yeye ni wa kuvuka. Korongo, mfereji, gogo lenye utelezi, anapita tu. Na ana ulimi mtamu, ana ulimi mtamu yule! Aliwahi kugombana na mbwa, mbwa ndiye akaomba radhi.

Wa tatu Ndeshi, binti wa fundi cherehani. Huyu ni wa kushuka. Akiachia miguu, maji ya mfereji yanabaki nyuma, na kivuli chake kinafika baadaye kinahema.

Sasa kuna watu wa huku wanaofanya kazi mjini. Walichangishana, wakaanzisha mfuko wa kuwasaidia vijana wenye kipaji cha mbio. Unapelekwa kambini: kocha, viatu, chakula, ada ya shule, vyote juu yao. Katibu wa mfuko ni Mama Elieshi, mwanamke mfupi, sauti kama kengele ya kanisa. Akatangaza:

"Mwaka huu kila kitongoji kitoe vijana watatu wapokezane kijiti. Mmoja apande, mmoja avuke, mmoja ashuke. Watakaoshinda, mmoja wao anakwenda kambini. Mmoja tu, jamani. Michango imefika hapo."

Na mjue, mwakani wote watatu umri wa mfuko ungekuwa umewapita. Anayebaki, ndiyo basi. Kirenga arudi kubeba kokoto, Aminieli arudi kukata majani ya ng'ombe, Ndeshi akae kwenye cherehani ya baba'ke.

Filimbi ikalia. Kirenga akaondoka, jamani, wenzake wakawa wanamwona kama mtu aliyeshahamia Kenya. Akafika juu, akamkabidhi Aminieli kijiti, akakaa chini, akamenya ndizi, akala, akamenya nyingine, ndipo wa pili akatokea.

Aminieli akashika njia ya kuvuka. Kamati ilikuwa imewaambia, "Fuateni masale." Hapo ndipo kamati iliharibu. Kwa wageni: sale ni mmea wa majani marefu. Huku kwetu ndio mpaka wa kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, na jani lake ndilo tunaloombea msamaha. Kamati ilichomeka masale kuonyesha njia, ikasahau kwamba mlima wote umejaa masale ya watu! Aminieli akayafuata, yakamzungusha, yakampeleka katikati ya kihamba cha Meku Makiponda, mzee mkali, mbwa wake kama ndama.

"We! Unatafuta nini kwenye magimbi yangu?"

"Njia, Meku."

"Njia imepita kwenye magimbi? Kaa chini hapo, baba yako aje akuchukue."

Meku akafunga geti. Wale wa vitongoji vingine nao wakaletwa na masale yale yale, Meku akawaingiza na kuwafungia humo humo. Wakaanza kubishana naye. Wengine wakaruka uzio, mbwa wakawarudisha suruali hazina makalio. Aminieli yeye akakata jani la sale, akalipiga fundo, akapiga goti, akamnyooshea mzee kwa mikono miwili.

"Meku, nimekosa."

Kwetu ukinyooshewa sale huna ujanja. Kununa utanuna, lakini utasamehe. Meku akalipokea, akanuna, akafungua geti. "Pita wewe. Hawa wenye midomo watabaki hapa."

Lakini kijana mmoja wa bondeni, ambaye shangazi yake ameolewa jirani na Meku, hakupotea. Alikuwa ameshakabidhi kijiti, na binti wao ameshakata kona ndipo Aminieli akatokea.

"Ulikuwa unaposa huko?" Ndeshi akamuuliza, kijiti akakinyakua, akaenda. Alishuka mpaka mawe yakampisha! Kwenye geti la uwanja wa shule akamfikia binti wa bondeni, wakaingia bega kwa bega, Ndeshi akakata utepe kwa ncha ya pua. Angekipata kijiti baadaye kidogo tu, muda wa kupiga chafya, tumekwisha.

Shangwe, vigelegele. Halafu yakaanza.

"Hii ni kambi ya mbio, si ya kupiga magoti," Kirenga akasema. "Mimi niliwaacha watu mbali. Aminieli akaenda kukitupa nilichokitafuta."

"Na huo mdomo wako," Aminieli akamjibu, "ungeingia wewe mle, mpaka leo ungekuwa unapalilia magimbi."

"Basi nyie mlifanya nini, mpaka mimi nikate utepe?" Ndeshi akadakia. "Mmoja anakula ndizi, mwenzake anapiga goti. Aliyempita mtu leo hii, macho kwa macho, ni nani?"

"Bila ndizi zangu ungekuta mwenzako ameshaoga!"

Mtu mmoja akapendekeza wagawane. Mama Elieshi akamkata: "Kambi haikatwi vipande kama mbuzi wa ndafu. Mtu anakwenda mzima au haendi." Kisha akanyoosha mkono. "Gari linasubiri. Anayekwenda anikabidhi kijiti."

Kirenga akakishika. Aminieli akakishika. Ndeshi hakuwa amekiachia tangu mwanzo. Mikono mitatu, hakuna anayelegeza, na dereva ameshawasha gari.

Mama Elieshi akatugeukia sisi watazamaji. "Nyie mmeona yote. Nani?"

Kila mtu akamgeukia jirani yake. Hata mimi, bingwa wa kuzijua mbio mlima mzima, nikajikuta natazama viatu vyangu.

Sasa nakuhamishia swali wewe uliyekaa hapo na kata yako. Aliyetangulia, aliyeomba msamaha, au aliyekata utepe? Usiniambie wote watatu, huo mlango umefungwa. Mkono wa Mama Elieshi bado umenyooshwa: ungekuwa wewe, ungemwambia nani apande gari?