Madoa na Majani ya Mbuzi

Paukwa!

Pakawa...

Ala! Mnaitika kama mliofiwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya vumbi jekundu, aliishi mjane aitwaye Sechelela. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Madoa, naye Madoa alikuwa na mimba pevu. Akizaa, watoto wa Sechelela watakunywa maziwa. Akifa, watalamba vidole.

Mwaka huo watu walichoma vichaka vyote vya kilimani, kama ilivyo desturi, ili mvua ikinyesha nyasi ziote laini. Mvua ikagoma! Kilima kikabaki kipara. Vichaka vya mikole vilisalia kwa Sechelela peke yake, maana shemeji yake Chedego alipofika na kijinga cha moto, mama huyo alimtimua kwa mchi.

"Vichaka hivi vya nini, shemeji?"

"Vyangu! Kachome kwako!"

Mikole ile haikujali jua. Mizizi yake ilishuka chini, chini, chini, ikanywa pasipofika ndoo. Mbuzi waliitafuna wakanenepa.

Sechelela akamkatia Madoa matawi. Madoa akageuza uso. "Mimi ni ng'ombe. Majani ya mbuzi sili."

Siku ya pili akamkatia mengine, mabichi zaidi. "Mimi ni ng'ombe. Majani ya mbuzi sili."

Siku ya tatu akayakatakata, akayaficha ndani ya pumba, akanyunyiza chumvi. Madoa akanusa. "Sechelela! Leo unanifanya mjinga? Mimi ni ng'ombe. Majani ya mbuzi sili!" Akalala chini.

"Huyo hanyanyuki tena," akasema beberu, mdomo umejaa majani.

Chedego akapita. "Chinja, shemeji, angali na nyama."

Sechelela akapiga kibuyu teke, kikapasuka. Hasira zilipomshuka, akaketi vumbini karibu na kichwa cha Madoa.

"Nilikudanganya, nimekosa. Sasa sikia ukweli. Nyasi zimekwisha. Kwangu hakuna, kwa Chedego hakuna, kwa mtemi hakuna. Ukila haya, utaishi wewe na mwanao. Usipokula, kesho Chedego anakuja na kisu. Nitalia, halafu nitakula nyama."

Madoa akainua sikio. "Utanila mimi?"

"Nitakula. Nina watoto."

"Basi leo umesema na mimi," Madoa akajibu. "Lete. Na hiyo pumba yako uiondoe."

Akala tawi, akala tawi, akala tawi. Baada ya siku tatu akasimama. Mwezi ulipoandama akazaa ndama jike, na nyumba ya Sechelela ikanukia maziwa.

Majirani wakaja na mapanga kuomba majani, Chedego akiwa mmoja wao, wameinamisha vichwa. Sechelela hakuwanyima. "Kateni matawi, shina liacheni. Atakayegusa shina atanijua!"

Kesho yake Chedego akarudi mikono mitupu. "Shemeji, wangu wamekataa. Wanasema wao ni ng'ombe."

"Waambie ukweli."

"Ukweli upi tena?"

Sechelela hakuacha kukamua. "Anza na nani aliyechoma kilima."

Chedego akajikuna kisogo, akageuka, akaenda zizini kwake kuongea na ng'ombe.

Hadithi yangu imekomea hapo. Asiyeipenda na atunge yake.