Kwa Nini Tunavuta Mkono Tukisoma Kiingereza

Nyie mnaowacheka wenzenu wakivuta mkono hewani wasomapo Kiingereza, kaeni vizuri niwaambie. Mkono huo una mwenyewe.

Zamani, hapa shuleni kwetu milimani Upare, hakuna aliyevuta mkono. Watoto walisoma Kiingereza kama tunavyosema Kiswahili, kila irabu kwa kipimo kimoja. Sheep, yaani kondoo, na ship, yaani meli, yalitoka vinywani mwao sawasawa. Mwalimu Elieneza aligonga meza: "Hii ndefu! Hii fupi!" Meza ilichoka kabla hawajaelewa.

Darasani alikuwamo Nakijwa, binti wa mhunzi Sekiete. Mkono wa kushoto wa Sekiete ulikuwa umevunjika ukaunga vibaya. Nyundo aliiweza, lakini mivukuto ya kupulizia moto ilitaka mikono miwili, na Nakijwa ndiye aliyeivuta kila atokapo shule. Kazi zilipozidi, baba yake alimwambia, "Mwanangu, siku ya wazazi nitakuja nikusikie. Kama hicho Kiingereza hakiingii, urudi nyumbani tusaidiane. Njaa haina likizo."

Nakijwa aliipenda shule kuliko kula. Lakini mwalimu akisema "ndefu," yeye hupaza sauti. Akisema "fupi," hunong'ona. Sheep aliitamka kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Darasa zima lilivunjika mbavu, naye akaenda nyumbani analia.

Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya siku ya wazazi. Alivukuta kwa hasira, harakaharaka, na mivukuto ikapiga kelele nyingi. Jembe likabaki jeusi motoni.

"Wee Nakijwa!" baba yake akafoka. "Kelele haziivishi chuma. Vuta pumzi ndefu, iache ifike motoni! Hizo fupifupi ni za kuutunza moto tu."

Akavuta taratibu. Chuma kikaanza kuwa chekundu. Mkono ukiwa bado unavuta, akatamka sheep, na sauti ikaenda na pumzi hadi mwisho. Kisha akaibana mivukuto upesi: ship. Akarudia na kurudia, hata baba yake akadhani mtoto amepandwa na kitu.

Siku ya wazazi alisimama mbele ya watu. Kila irabu ndefu aliivutia mkono, kila fupi akaibana. Wenzake wakaanza kucheka, lakini Mwalimu Elieneza aliinuka kitini na kicheko kikafa. Nakijwa hakukosea hata moja. Sekiete hakujua neno la Kiingereza, ila mivukuto yake aliijua. Alilia pale pale, wala hakujificha.

"Wewe soma," alimwambia njiani. "Mivukuto nitaivuta mwenyewe."

"Kwa mkono mmoja, baba?"

"Kwani mmoja si mkono?"

Na tangu siku hiyo, watoto wa shule hii huuvuta mkono kwa irabu ndefu na kuubana kwa fupi, na hata wakaguzi wameshazoea. Sekiete alivukuta kwa ule mkono mzima, akaacha, akakimbilia nyundo, akarudi kuvukuta. Alifanya hivyo miaka saba, mpaka binti yake akawa mwalimu.

Huyo Nakijwa ni mimi. Haya, nyoosheni mikono, tuanze tena.